Mdomo wa Korongo

Mwaka 1631 John Tradescant, mtunza bustani mashuhuri wa Uingereza, alipata mbegu za mmea mgeni kutoka kwa René Morin wa Paris. Alizipanda, zikaota, zikatoa maua. Rangi yake ilikuwa hafifu, lakini giza lilipoingia yalinukia. Wajuzi wa zama hizo wakauita mmea huo jeraniamu ya Uhindi inukiayo usiku.

Uhindi haukuwa kwao. Ulitoka Rasi ya Tumaini Jema, ambako merikebu za Ulaya zilitia nanga kuteka maji zikienda na kurudi Mashariki. Waholanzi walikuwa hawajajenga kituo chao huko. Walikijenga mwaka 1652. Nchi ilikuwa ya Wakhoikhoi, wafugaji walioijua mimea yao na kutumia mizizi ya baadhi yake kuwa dawa.

Kosa la pili lilikuwa la nasaba. Ulaya ina jeraniamu zake, ambazo jina lake latokana na Kiyunani, kwa kuwa tunda lake huchongoka mithili ya mdomo wa ndege aitwaye geranos. Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuingiza mmea wa Rasi katika ukoo huo. Mwaka 1789 Mfaransa Charles Louis L'Héritier aliutenga, akauweka chini ya jina Pelargonium, litokanalo na pelargos, ndege mwingine. Tofauti ipo: petali tano za jeraniamu ya Ulaya hulingana, ilhali za mgeni huyu mbili za juu huachana na tatu za chini. Hata hivyo wauza maua hawajaacha kumwita jeraniamu. Mswahili hana ugomvi nao, kwani ndege wote wawili kwake ni korongo.

Tunda likikauka hupasuka, na kila mbegu huondoka na mkia wa manyoya uliojisokota. Upepo huichukua. Ikitua, mkia hujinyoosha kwa unyevu na kujisokota tena kwa ukavu, ukaididimiza mbegu udongoni kama keekee ya seremala.

Ulaya, jalidi huuua mmea huu, basi ukawa mkazi wa ndani. Mwaka 1700 Gavana Willem Adriaan van der Stel alipeleka Uholanzi Pelargonium zonale. Askofu Henry Compton wa London, aliyefariki mwaka 1713, alikuwa na Pelargonium inquinans bustanini mwake. Kwa kuchanganywa hao wawili, hasa, yalipatikana maua mekundu yajazayo madirisha ya Ulaya. Lakini mtoto wa mchanganyiko hamfuati mzazi, na aliyependa ua lake alikata kipande cha shina akakipanda. Mbegu ikabaki kwa watafuta aina mpya.

Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kilitoa aina iitwayo Nittany Lion Red, ambayo mbegu zake huzaa maua yaleyale. Tangu hapo hata mwenye chumba kimoja aweza kuanza na punje. Ganda lake gumu hukwaruzwa ili maji yapenye. Hufunikwa kwa udongo mwepesi wenye unyevu, katika joto la nyuzi 21 hadi 24. Huchipua baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na maua hufuata baada ya miezi mitatu au minne. Katika nchi za baridi hupandwa Januari au Februari, theluji ikiwa ingali nje ya kioo.

Wenyeji wa mmea hawakutajwa sana katika habari hizi, hata ilipozuka kesi. Kampuni ya dawa ya Ujerumani ilikuwa imepewa hataza juu ya njia ya kukamua dawa ya mizizi ya Pelargonium. Jamii ya Alice, Rasi ya Mashariki, ikishirikiana na watetezi wake, iliipinga, na Januari 2010 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaifuta. Zilikuwa zimepita karibu miaka 380 tangu Tradescant apokee mbegu zake.