Kutoka Redio hadi Simu ya Mkononi: Tamthilia Fupi na Hadhira Yake mjini Kigali

Tamthilia za kale, kama zile za Shakespeare, sasa huigizwa pia kwa video fupi za mitandao ya kijamii. Makala haya yanauliza: tamthilia inapokatwa vipande, hupoteza nini? Historia ya redio nchini Rwanda ina jibu.

Mwaka 1999 mchezo wa redio Urunana, unaohusu afya, ulianza kurushwa na BBC kwa Kinyarwanda. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyochochewa na redio ya RTLM, ulifuata mchezo wa Musekeweya wa shirika la La Benevolencija. Kisa chake ni cha vijiji viwili vyenye uhasama, Bumanzi na Muhumuro, na vijana wawili, Shema na Batamuriza, wanaopendana licha ya uhasama huo. Aliyesoma Romeo and Juliet atautambua msuko huu mara moja. Kiini cha tanzia ya kale kiligawanywa katika vipindi vya kila wiki, na hadhira ikakifuata.

Elizabeth Levy Paluck, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, alilinganisha vikundi vilivyosikiliza Musekeweya kwa mwaka mmoja na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Imani za binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi wasikilizaji walivyozielewa kaida za jamii yao, pamoja na mwenendo wao, ukiwemo utayari wa kutoa maoni yanayopingana na ya wenzao. Ikumbukwe kwamba walisikiliza na kujadiliana wakiwa pamoja.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Ufupi wa kipande si hasara kuu. Hasara kuu ni upweke wa mtazamaji. Redio moja ilikusanya majirani, ilhali simu humtenga kila mtu na kioo chake.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar imekuwapo tangu 1963. Iwapo tamthilia hiyo itaigizwa kwa video fupi kwa ajili ya shule za Kigali, tunapendekeza vipande vifuatane kama vipindi vya redio, vitazamwe darasani kwa pamoja, na kila kimoja kifuatwe na mjadala. Bajeti inayogharimia kamera pekee itakuwa imeisahau hadhira.