Mashini Isikiayo Neno Lisilotoka Kinywani

Sisi sote tumepata kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kusema. Macho yanatutazama, mdomo haujibu. Kisha watu wa nyumbani wanaanza kuzungumza habari zake mbele yake, kana kwamba amekwisha kwenda zake. Je, yumo au hayumo? Kwa miaka mia sasa wako wataalamu waliotafuta njia ya kumwuliza yeye mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza kwa farasi. Katika miaka ya 1890 kijana Mjerumani, Hans Berger, alikuwa askari. Siku moja farasi alimwangusha mbele ya gurudumu la mzinga, nusura afe. Jioni ile ile akaletewa telegramu ya baba yake: dada yake ameshikwa na hofu, anataka kujua kama Hans ni mzima. Berger akasadiki ya kuwa wazo lake lilikuwa limeruka likamfikia dada yake. Basi akasomea uganga, akatumika mjini Jena katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akitafuta nguvu itokayo katika ubongo. Mwaka 1924 alifaulu kuandika kwa chombo mawimbi ya umeme, madogo mno, ya ubongo wa mwanadamu. Alinyamaza miaka mitano kabla ya kuyatangaza, na hata hapo wengi walimdharau, mpaka wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walipoyaona wenyewe mwaka 1934. Wazo lirukalo hakulipata kamwe. Lakini alichokiokota njiani kilikuwa na faida kubwa kuliko alichokitafuta.

Mwaka 1967 Mmarekani Edmond Dewan alijizoeza kuyaongeza na kuyapunguza mawimbi hayo kwa kutaka kwake, akaandika nayo kwa alama za telegrafu. Mwaka 1988 Farwell na Donchin walitumia kibao cha herufi zinazomulikwa safu kwa safu. Herufi anayoitaka mtu ikimulikwa, ubongo wake unashtuka kidogo. Walipata herufi mbili na kitu kwa dakika. Hebu tupime: kuomba maji tu kungechukua dakika kadha! Hata hivyo, mwaka 1999 huko Tübingen, Ujerumani, Niels Birbaumer na wenzake walitangaza ya kuwa wagonjwa wawili waliopooza wameandika kwa ubongo wao. Walikuwamo.

Baadaye waganga walithubutu kufungua fuvu la kichwa. Huko San Francisco, Marekani, Edward Chang na wenzake walilaza juu ya ubongo kipande chembamba chenye vipokea umeme vingi. Hapa tuangalie sana, maana wengi wanakosea: mashini hiyo haisomi siri za moyo. Inasikiliza amri ambazo ubongo unapeleka kwa ulimi, midomo na taya. Viungo vimekufa ganzi, lakini amri zingali zinatolewa, kama chifu anayeagiza wajumbe waliokwisha kuhama kijiji. Mwaka 2021 mtu aliyenyamazishwa na ugonjwa zaidi ya miaka 15 alisema kwa maneno 50 tu aliyofundishwa nayo mashini. Mwaka 2023 mwanamke mmoja alifikia maneno 78 kwa dakika. Tena sauti iliyotoka ilifanana na yake ya zamani, kwa kuwa waliitengeneza kwa kufuata sauti yake iliyohifadhiwa katika sinema ya arusi yake.

Lakini je, neno ambalo mtu hataki kulisema? Sisi tunaona swali hili ni zito kuliko yote. Mwaka 2025 wataalamu wa Stanford walitangaza ya kuwa hata maneno yasemwayo kimoyomoyo yanaweza kunaswa, si yote, wala si sawasawa. Wagonjwa walipohesabu moyoni, mashini iliokota baadhi ya hesabu bila kuambiwa. Kwa hiyo walitia kufuli: mashini haifunguki mpaka mgonjwa awaze neno fulani la siri, nayo ililitambua mara zaidi ya 98 katika 100. Vyombo hivyo vingali vya majaribio, navyo wamewekewa watu wachache tu. Kufuli limetangulia kuwekwa kabla nyumba haijaisha kujengwa, nasi twashukuru kwa hilo.