Kenya: Ukomo wa deni unaosogezwa kila unapokaribiwa

Sheria za Kenya kuhusu fedha za umma zimeweka masharti makali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mikopo ya serikali itumike kwa miradi ya maendeleo pekee, na angalau asilimia 30 ya bajeti ielekezwe huko. Hata hivyo, historia ya ukomo wa deni la taifa inaonyesha jinsi ahadi iliyoandikwa inavyoweza kuvunjwa bila sheria yenyewe kufutwa.

Ukomo uliobadilishwa mara tatu

Kanuni za awali ziliweka deni katika asilimia 50 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa. Oktoba 2019, deni lilipokuwa likikaribia kiwango hicho, Bunge liliubadilisha ukomo kuwa shilingi trilioni 9. Juni 2022 ukapandishwa hadi trilioni 10. Kufikia Juni 2023 deni lilikuwa limevuka kiwango hicho pia, na miezi michache baadaye sheria ikarejea kwenye asilimia ya pato la taifa: safari hii asilimia 55, huku serikali ikipewa miaka 5 kutimiza sharti hilo.

Ahadi za viongozi

Machi 2014, Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake, William Ruto, walitangaza kupunguza mishahara yao kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Kenya iliuza hati zake za kwanza za dhamana katika masoko ya kimataifa, kwa dola bilioni 2.

Septemba 2022, Ruto akiwa rais aliahidi kupunguza bajeti kwa shilingi bilioni 300. Machi mwaka uliofuata aliteua makatibu waandamizi 50 wa wizara, ingawa nafasi zilizotangazwa awali zilikuwa 23. Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi huo Julai 2023.

Mwanya wa kisheria

Wachunguzi wa bajeti hutazama pia Kifungu cha 223 cha Katiba. Kinairuhusu serikali kutumia fedha kabla ya kuidhinishwa na Bunge, mradi zisizidi asilimia 10 ya zilizopitishwa kwa mwaka huo, na idhini iombwe ndani ya miezi miwili. Njia hiyo ilikusudiwa kwa mahitaji yasiyotarajiwa. Inapotumiwa kwa mahitaji yaliyojulikana mapema, wabunge hubaki kuidhinisha fedha zilizokwisha kutumika.

Gharama kwa mwananchi

Kulipa madeni sasa kunachukua zaidi ya nusu ya mapato ya kodi, na kinachosalia hugawanywa kati ya mishahara, hospitali, shule na serikali za kaunti. Juni 2024, Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 ulizusha maandamano ambamo makumi ya watu waliuawa. Rais aliuondoa, kisha Julai akaahidi kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kuvunja mashirika 47 ya umma. Pengo lililosalia, bilioni 169, lilitarajiwa kuzibwa kwa mikopo mipya.

Kenya pia imetia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, inayotaka nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Katika mwaka wa fedha 2023/24, nakisi yake ilizidi asilimia 5.