Kubadilishwa goti: Sindano ya ganzi inayotuliza maumivu bila kuulegeza mguu wote

Operesheni ya kubadilisha goti inauma, na siku mbili za kwanza ndizo ngumu zaidi. Shida ni kwamba ndizo siku hizo hizo mgonjwa anatakiwa asimame na aanze kukunja goti, maana likikaa bila mazoezi hukakamaa. Mofini hutuliza, lakini huleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu.

Ndiyo maana siku hizi wengi huchomwa pia ganzi ya neva. Daktari wa usingizi hupaka jeli kwenye paja, huweka kifaa cha altrasaundi juu yake na kutazama skrini. Mshipa wa damu huonekana ukidunda, neva iko jirani yake, na sindano ni mstari mweupe unaosogea. Dawa, mara nyingi ropivakaini au bupivakaini, humiminwa kando ya neva, si ndani yake. Zamani daktari alipapasa na kukadiria tu, au alitumia umeme mdogo wa kushtua msuli.

Inachomwa wapi? Hapo ndipo penye tofauti. Ikichomwa kinenani, maumivu hupungua vizuri, ila msuli wa mbele ya paja nao hulegea. Mgonjwa akiamka kwenda chooni, goti linakunjika, anaanguka juu ya goti jipya. Ikichomwa katikati ya paja, upande wa ndani, nguvu nyingi za mguu hubaki, na hospitali nyingi sasa zinapendelea hii. Haifiki vizuri nyuma ya goti, kwa hiyo huko mara nyingi huongezwa sindano nyingine.

Sindano moja hudumu takribani saa 12 hadi 24. Ikiisha, maumivu yanaweza kurudi kwa kishindo, na mara nyingi huwa ni usiku. Usingoje yafike: meza vidonge kabla ganzi haijaisha, kwa saa alizopanga daktari. Wengine huachiwa mpira mwembamba unaopitisha dawa kwa siku 2 au 3.

Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Sema kabla ya operesheni. Baada ya kuchomwa, ukisikia midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au mdomo una ladha ya chuma, sema hapo hapo, kwani huenda dawa imeingia kwenye damu. Na usishuke kitandani peke yako, hata kama mguu unauona mzima.