Tarehe ya Krosi ya Propela

Katika vyuma vyote vilivyofungwa chini ya gari, hapana hata kimoja ambacho dereva hukisahau upesi na fundi hukikumbuka daima kama krosi ya propela, yaani ule msalaba mdogo wa chuma, usiozidi kiganja cha mtu mzima, uunganishao propela na giaboksi upande huu na difu upande ule. Watu husifu injini kwa nguvu zake na dereva kwa ushujaa wake. Lakini mwenye kulala chali juu ya gunia chini ya Land Rover ya zamani, akaishika propela kwa mikono miwili na kuitikisa, ajua ya kuwa nguvu zote za injini sharti zipite katika ncha nne za msalaba ule, na kwamba zikilika ncha hizo safari imekwisha, ingawa injini yanguruma.

Ilimu ya kiungo hiki ni kongwe kuliko gari lenyewe. Mabaharia waliijua asili yake kwa macho, kwani dira ya chombo hutundikwa katika pete mbili, moja ndani ya nyingine, hata chombo kikilazwa na wimbi dira hubaki sawasawa kana kwamba bahari imetulia. Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahesabu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1501 na kufariki 1576, aliandika habari za mitambo ya namna hiyo, jina lake likabandikwa kwenye kiungo hiki katika lugha nyingi za Ulaya, ijapokuwa pete zenyewe zilikuwako zamani kabla yake. Mwaka 1676 Robert Hooke wa Uingereza, alipokuwa akieleza vyombo vya kutazamia jua, alionyesha fimbo mbili zilizokutana kwa kupinda, kila moja ina panda mwishoni kama ya manati, na katikati yao msalaba uliozishika zote mbili; naye ndiye aliyekipa kiungo kile jina la yunivesal, ambalo mafundi wetu walilirithi bila ya kumjua mwenye kulitoa.

Kiungo hicho kina hila yake. Fimbo ya kwanza ikizunguka kwa mwendo mmoja usiobadilika, fimbo ya pili, maadam imepinda, haizunguki vivyo hivyo, bali huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Chukua mpindo wa digrii 20, na fimbo ya kwanza izunguke mara 1,000 kwa dakika: mwendo wa fimbo ya pili utapanda hadi kama 1,064 na kushuka hadi kama 940, kisha utarudia tena na tena, na gari zima litatetemeka. Dawa yake ni kuweka krosi mbili, moja kila mwisho wa propela, na kuzipanga panda mbili za propela hiyo zilale katika bapa moja, na mipindo ya pande zote mbili iwe sawa, ili kosa la krosi ya kwanza lifutwe na kosa la krosi ya pili. Kanuni hiyo ndiyo roho ya kazi yote nitakayoisimulia.

Magari ya mwanzo mengi yalivuta magurudumu kwa mnyororo, uliojaa vumbi na kelele, mpaka watu kama Clarence Spicer, Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, walipoutia msalaba katika gari kwa namna ya kutengenezeka viwandani. Spicer alipata hataza yake mwaka 1903, na mwaka uliofuata akaanza kuviunda viungo hivyo huko New Jersey. Vita Kuu ya Pili ilipoleta Jeep, yenye kusukumwa kwa magurudumu yote manne, propela zikawa mbili, ya mbele na ya nyuma, na krosi zikawa nne. Kutokana na Jeep hiyo Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alipata wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Gari hilo halikukawia kufika Afrika ya Mashariki, likawatumikia maofisa wa wilaya, wamisionari, walinzi wa wanyama na wakulima. Na ile ndefu iliyoitwa 109, kwa hesabu ya inchi zilizo baina ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma, ikaja kuwa basi la vijiji ambavyo basi halikuthubutu kuvifikia. Basi tazama masaibu ya krosi katika nchi hizi. Wakati wa kiangazi vumbi hupenya kwenye sili. Wakati wa masika gari huingia mtoni hadi tumboni, maji yakaingia na kuikosha grisi. Na barabara ya mawe huipandisha ekseli na kuishusha juu ya springi zake, mpindo ukageuka kila dakika. Dalili zake mafundi walizijua kabla ya kuinama: mlio wa "ko!" dereva anapotia gia, mlio mwembamba kama wa ndege gari likienda polepole, au unga mwekundu wa kutu uliozunguka kikombe kinachofunika ncha ya msalaba, ndio ushahidi kwamba ndani hamna grisi tena, chuma chala chuma.

Kwa hiyo katika gereji za zamani mwanagenzi hakuanza kwa injini, bali kwa bomba la grisi. Aliamriwa aifute nipeli kwa kitambaa asije akasukuma mchanga ndani, kisha asukume grisi mpya mpaka ile chafu ichungulie katika ncha zote nne. Akiona tatu tu zimetoa, hakuruhusiwa kuondoka, maana ya nne ilikuwa na njaa, na hiyo ndiyo itakayowalaza njiani.

Kubadilisha krosi ilikuwa ni daraja ya juu. Kwanza magurudumu hutiwa mawe mbele na nyuma, kwa kuwa handibreki ya Land Rover hizo hukamata kwenye giaboksi wala si kwenye magurudumu, na propela ya nyuma ikishatolewa handibreki haishiki kitu. Wako waliojifunza jambo hilo kwa kulikimbiza gari mteremkoni. Kisha, kabla ya kugusa bolti hata moja, fundi hupiga mstari kwa patasi juu ya flenji zote mbili, na mwingine pale propela inapoteleza juu ya meno yake, kwa sababu jino moja likikosewa wakati wa kurudisha, panda hazilali tena katika bapa moja. Propela hufungwa kwenye jiliwa, klipu zikatolewa, na soketi mbili zikafanya kazi, ndogo ikikisukuma kikombe na kubwa ikikipokea upande wa pili. Krosi mpya huingizwa kwa upole, visindano vya kila kikombe vimegandishwa ukutani kwa grisi. Kimoja kikianguka, kikombe hakifiki mwisho, klipu haikai katika mfereji wake, na mwenye pupa hutwaa nyundo akaharibu kila kitu. Kazi ikiisha, fundi huusukuma msalaba kwa kidole kimoja: ukikwama, huigonga panda kidogo, ukienda laini, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo sifa ya mwanagenzi.

Siku hizi magari mengi yana krosi zilizozibwa kabisa, hazina nipeli, hutumiwa mpaka zife zikatupwa, na bomba la grisi lakauka pembeni. Mimi niliiona propela moja ya 109, imelazwa juu ya meza ya mbao, nikaifuta tope kwa kiganja. Kwenye flenji yake mlikuwa na mistari mitano ya patasi: mmoja umekaribia kufutika, mmoja mnene wa mtu mwenye mkono mzito, miwili imepigwa pamoja ili isichanganywe na ya wenziwe, na mmoja mpya ungali wang'aa. Hapana jina lililoandikwa hapo, wala sidhani hata mmoja wao aliwahi kusikia habari za Hooke. Lakini kila mstari ulikuwa umepigwa pale pale ambapo kanuni yake ilitaka, na yule fundi wa mwisho, kabla ya kuinua patasi, alikuwa ameisoma kwanza mistari minne iliyomtangulia.