Pishi ya Elimu: Historia ya Kumpima Mtoto wa Nachingwea na Ruangwa

Mnunuzi wa nafaka mwenye busara katika masoko ya zamani ya mwambao huikagua pishi kabla ya kuukagua mtama. Nafaka inaweza kuwa njema, lakini pishi ikiwa pungufu mtu hurudi kwake amepunjwa bila ya kujua. Busara hiyo inafaa kukumbukwa kila inapozungumzwa hali ya skuli za msingi za vijijini, kwani mara nyingi watu hubishana juu ya matokeo bila ya kuuliza yamepatikana kwa kipimo gani. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, ni mfano ulio wazi. Kwa zaidi ya karne moja watoto wa nchi hiyo ya mikorosho na ufuta wamepimwa na walimu wa vyuo vya Kurani, wamisionari, wakaguzi wa kikoloni, serikali ya Uhuru na mashirika ya utafiti. Kila mmoja alikuja na pishi yake.

Pishi ya kwanza ilitoka pwani. Misafara ya biashara iliyounganisha Kilwa na Lindi na nchi za Ziwa Nyasa ilipita katika maeneo ya Wamwera, Wayao na Wamakua, na nyuma ya misafara wakafuata walimu wa vyuo. Chuoni mtoto hakupimwa kwa jumla pamoja na wenziwe. Alikaa mbele ya mwalimu na ubao wake, akasoma alichopewa, na akikosea alirejeshwa nyuma. Hakuvuka sura mpaka ameiweza. Neno kuhitimu, ambalo leo hutumika hata kwa wenye shahada za vyuo vikuu, limezaliwa katika utaratibu huo huo wa kuikhitimisha Kurani. Mwalimu alimjua kila mtoto amefika wapi, bila ya daftari wala takwimu. Hata hivyo kipimo hicho kilikuwa na upungufu wake: mtoto aliweza kuhitimu kwa sauti nzuri na matamshi safi, na asifahamu maana ya aliyoyasoma.

Pishi ya pili nayo ilipitia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja hadi Masasi, kusini ya Nachingwea. Tangu hapo skuli ya misheni hiyo iliyokuwa Kiungani ikawa chimbuko la walimu wa kusini. Miongoni mwao alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA. Wabenedikti wa Kijerumani nao walijenga misheni zao Lukuledi na Nyangao. Zote mbili ziliangamizwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, zikajengwa upya. Kutoka vituo kama hivyo, katekista mwenye elimu ndogo alikwenda kijijini, akakusanya watoto chini ya mti au katika banda la nyasi, akawafundisha kusoma. Kipimo chake kilikuwa ubatizo. Mtoto aliyezijua sala na kukisoma kitabu cha dini alikuwa amefaulu.

Vipimo hivi viwili, kwa tofauti zake zote za imani, vilikuwa na jambo moja la pamoja. Vilimtazama mtoto mwenyewe, jina kwa jina, na vilimtaka afungue kinywa.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa kutoka Marekani na ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na maisha ya kijiji. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku: skuli ya misheni iliyofuata masharti ya serikali na kukubali kukaguliwa ilisaidiwa kwa fedha. Skuli nyingi za vichakani, ambazo ndizo zilizowapokea watoto wengi zaidi, zikabaki nje ya ruzuku hiyo.

Hapo ndipo kipimo kilipohama. Kilitoka kwa mtoto kikaenda kwa skuli. Kilichoamua sasa ni cheti cha mwalimu, jengo, mahudhurio na ufuatiaji wa mtaala. Mambo hayo si ya kudharauliwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari linaweza kujaa na ghala likawa tupu.

Katika miaka hiyo hiyo kilitokea kisa kinachowahusu sana watu wa visiwani. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Tangu wakati huo mtoto wa Ruangwa aliyelelewa kwa Kimwera, na mwenziwe wa Nachingwea aliyelelewa kwa Kiyao au Kimakua, wamepimwa kwa lugha ambayo sanifu yake ilichukuliwa vinywani mwa watu wa Unguja. Fahari ya lugha isiwasahaulishe wapenzi wa Kiswahili jambo hili. Kinachokuja kwa wepesi kwa mtoto wa Ng'ambo au Malindi huweza kuwa ni somo la kigeni kwa mtoto wa Ruangwa, na kigugumizi chake mbele ya kitabu si lazima kiwe ni ujinga.

Nachingwea ilipata funzo jingine la vipimo, ingawa halikuhusu skuli. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulikusudiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Reli ilijengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani, na Mtwara ikajengewa bandari. Wakubwa walihesabu ekari, matrekta na tani. Mvua, udongo na maarifa ya wenyeji hawakuvihesabu vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, hasara ikiwa pauni milioni 36, na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru reli nayo ikafungwa. Karatasi zilikuwa zimepima kila kitu isipokuwa lile ambalo lingeamua matokeo.

Tanzania huru ilikuwa na haki ya kuanza na hesabu ya viti. Watoto wengi wa vijijini hawakuwa na skuli kabisa, na wengi wa waliokuwa nayo waliishia darasa la nne. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, basi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa waratibu. Wapo waliowakejeli walimu hao wa UPE. Ukweli ni kwamba bila ya wao vijiji vingi vya kusini visingelipata mwalimu. Walipewa mzigo mzito kabla ya kupewa nguvu za kuubeba, na kipimo cha taifa kikawa idadi ya walioandikishwa. Hali hiyo ilijirudia ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002: madarasa yalifurika, na furaha ya wingi ikaifunika hoja ya ubora.

Mtihani wa darasa la saba ulibaki kuwa hakimu. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kuusahihisha kwa mashine, watahiniwa wakichagua herufi na kuweka kivuli. Waliofaulu mwaka huo walikuwa kiasi cha asilimia 31. Mwaka uliofuata wakawa kiasi cha asilimia 51. Je, watoto wa nchi nzima walierevuka kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili? Na karatasi ya kuchagua ina kasoro yake nyingine: mtoto asiyejua kusoma anaweza kubahatisha, na bahati haiachi alama ya kidole. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya skuli bora kitaifa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani orodha iliiweka skuli ya bweni ya mjini mzani mmoja na skuli ya kijiji ambako mwalimu mmoja huwajibika kwa madarasa zaidi ya moja.

Katikati ya yote hayo pishi ya kale ilirudi kwa jina jipya. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo uliingia majumbani katika wilaya za Tanzania. Mtoto alikaa mbele ya mtu mmoja, mzazi akitazama, akasoma silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Iligunduliwa kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliiweza hadithi hiyo. Nchi ilishtuka. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, uliuchukua Lindi kuwa mmoja wa mikoa yake, na walimu wa madarasa ya mwanzo wakapewa mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili nao ukaelekezwa kwenye stadi hizo tatu. Hata wakaguzi wa skuli walibadilishiwa jina wakawa wathibiti ubora, wakitarajiwa kumsaidia mwalimu badala ya kumvizia.

Ni hatua njema, na bado ule upungufu wa chuo cha kale unanyemelea. Maandishi ya Kiswahili hufuata sauti, basi mtoto akishazijua silabi huweza kutiririka bila ya kuelewa. Kipimo kinachohesabu maneno kwa dakika kinaweza kumsifu msomaji asiyejua amesoma nini. Vile vile hakuna kipimo cha siku moja kinachoeleza kwa nini mtoto hakuwapo darasani msimu wa korosho, au kwa nini mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali aliomba uhamisho.

Ruangwa, iliyopewa hadhi ya wilaya mwaka 1995, imemtoa mwalimu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 2015 hadi 2025. Kila kijiji hupenda kumtaja mmoja wake aliyefika mbali, na fahari hiyo ni halali. Lakini skuli haipimwi kwa mmoja aliyevuka. Hupimwa kwa wale waliobaki: msichana anayeuza ufuta na anayetaka kuisoma stakabadhi ya ghala kabla ya kuipokea, baba anayetaka kulisoma jina lake katika orodha ya malipo ya korosho.

Historia ya wilaya hizi mbili haielekezi kuiacha hesabu ya viti, wala mtihani, wala ukaguzi. Inaelekeza mpangilio. Kwanza mtoto aitwe kwa jina lake, akae mbele ya mwalimu, asome kwa sauti. Kisha kitabu kifunikwe, aulizwe kwa upole, hata kwa Kimwera ikibidi, amefahamu nini. Jawabu lake ndilo liandikwe mwanzo katika daftari la skuli, na takwimu za wilaya zifuate nyuma yake.