Mufilisi, Mfilisi na Pikipiki ya Mkataba

Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Mbinga Community Bank na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi. Msomaji wa harakaharaka angedhani Bodi nayo imeishiwa. Sivyo. Mfilisi ni mwenye kukusanya mali na kuigawa kwa wadai. Aliyeishiwa ni mufilisi. Irabu moja ndiyo inayomtenga mpiga mnada na mpigiwa mnada. Mzizi ni wa Kiarabu, ule ule wa fulusi: mtu aliyekuwa na dirhamu, sasa amebaki na visarafu vya shaba.

Vijiweni Mbinga hakuna anayejiita mufilisi. Bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki kwa mkopo wa kausha damu atakwambia "nimefulia", basi. Mkulima naye hangoji mahakama: kahawa yake aliiuza ingali mtini, kwa magoma, biashara ambayo Kagera wanaiita butura. Msimu ukifika, mavuno yana mwenyewe.

Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, humwachia mufilisi nguo, matandiko na zana za kazi yake, kwa thamani yenye kikomo. Ukisema "zana", jembe na nyundo hupita bila ubishi. Pikipiki je? Trafiki huiita "chombo cha moto". Sasa teremka Mbamba Bay: chombo ni mtumbwi wa mvuvi, na kule ufukweni Nyasa kumtenganisha mtu na chombo chake ni kumtenganisha na kazi. Ningekuwa mfasiri wa sheria hii ningeandika "vyombo vya kazi", hakimu na wakili wabishane kuanzia hapo.

Kupata pikipiki nyingine ndiko kwenye mtego. Aliyefulia huchukua ya mkataba: hesabu kila siku, kadi inabaki kwa tajiri mpaka deni liishe. Mufilisi ambaye mahakama haijamwachilia hutakiwa kumweleza hali yake anayemkopesha, mkopo ukifikia kiwango kilichowekwa. Lakini kijiweni nani amekopa? Watu husema "tajiri kanipa chombo". Kupewa! Kitenzi hicho kimelificha deni zima, na siku hesabu ikikwama mara mbili tatu, aliyepewa hunyang'anywa pamoja na yote aliyokwisha kulipa.

Wakala wa serikali unaohusika, RITA, una neno Ufilisi katikati ya jina lake, ila wengi wanaujua kwa vyeti vya kuzaliwa. Majina na vitenzi huficha mengi; kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatia dole gumba kwenye mkataba wa pikipiki, mwambie tajiri aandike waziwazi: nakukodisha, au nakukopesha.